Pipa Lililovaa Bendera

Nimeishi katika miji kadhaa, na kila mmoja nimeupima kwa takataka zake. Kasenga, kwa mama mdogo, matumbo ya samaki yalifukiwa chini ya migomba na hakuna aliyeyatolea hotuba. Mjini kwa Wazungu lori lilipita asubuhi, likazoa, likaenda zake. Mji niliouona ukiupigia saluti uchafu ni mmoja tu, wetu wa Lubumbashi, uliokuwa bado ukiitwa Elisabethville wakati Katanga ilipojitenga na Kongo na kujiita nchi.

Nchi mpya ilikuwa na bendera, na bendera ilipakwa popote rangi iliposhika. Wakubwa wa komini yetu, yaani serikali ya mtaa, walituamuru tufukie mashimo ya takataka nyuma ya nyumba, eti ni ushamba. Badala yake wakatuwekea mapipa kando ya barabara, yamepakwa nyekundu, nyeupe na kijani za bendera, pamoja na misalaba yake ya shaba. Yalipendeza kweli. Rangi ilipokwisha kukauka ndipo wakagundua kwamba kumwaga uchafu ndani ya bendera ni kuitukana nchi. Basi mapipa yakabaki matupu yaking'aa, na takataka zikarundikana chini pembeni yake, nzi tele. Ujinga wa namna hiyo hauzuki hivi hivi, lazima watu wakae kikao.

Mama hakuwa na subira na upuuzi. Siku moja alitengeneza samaki, akachukua magamba na matumbo, akayamwaga ndani ya pipa mchana kweupe. Polisi akamkamata. Nilimfuata hadi ofisini nimeng'ang'ania kitenge chake.

Mkubwa wa komini hakumuuliza habari ya samaki. Alimuuliza anatoka wapi. Sisi tulikuwa watu wa Kasai, jimbo jingine la Kongo, na siku zile jibu hilo lilitosha kumfukuzisha mtu nyumbani kwake. Mama akajibu kwamba ni wa Kasai, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, akiita bendera na pipa la taka kwa Kifaransa cha mtaani:

"Baba, kama ile kintu iko drapo, muipandishe kule yulu. Kama iko pubeli, mutuachie tutupe."

Karani mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mpaka leo naamini kikohozi kile ndicho kilichotuokoa, kwa sababu mkubwa aliona haya kutufukuza mbele ya watu waliokuwa karibu kuangua kicheko. Akatafuta adhabu ndogo: mama alioshe pipa kwa sabuni, na polisi asimame pale kuzuia takataka zisiingie ndani ya pipa la takataka.

Sabuni ilikuwa adimu. Mama alitumia kipande chetu cha mwisho, akasugua msalaba mmoja mmoja huku polisi akimwonyesha alipobakiza. Juma zima pipa lile lilinukia sabuni, na sisi watoto wake tukanuka samaki.