Nadhiri ya Anti Saroja

Enzi zetu sisi tuliokulia Bertrams, mtoto alikuwa wa mtaa mzima. Uliamka kwenu, ukanywa chai kwa jirani, ukachapwa na jirani wa pili, na jioni mama yako akaenda kumshukuru aliyekuchapa. Mpira tulicheza barabarani, na siku za mechi pale Ellis Park tulijua nani kafunga kabla ya wenye redio, maana kelele zilifika kwetu kwanza. Watoto wa leo mpira wanaucheza kwa vidole gumba, halafu wanalalamika wamechoka!

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Anti Saroja, Mhindi wa Kitamili, mjane, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa amehamia Australia. Mama yangu alitoka Tanga, na Kiingereza chake chote kilikuwa "sori" na "hau machi". Anti naye Kiswahili hakujua hata neno. Lakini we acha tu! Wale wawili walikaa ngazini asubuhi nzima wakizungumza chapati, achari, bizari na chai, na mikono ikamalizia yaliyobaki. Achari ya Anti ilikuwa kali mpaka masikio yanapata moto, na bado ukiulizwa kama unataka nyingine unanyoosha mkono.

Mwaka niliotimiza miaka tisa nikashikwa na kichomi, nikalazwa. Nakumbuka dari ya hospitali ilivyopasuka pembeni, na Mama akinisomea Yasini akidhani nimelala. Wenzangu mnajua mgonjwa husomewa Yasini lini. Daktari alikwisha kumwambia Baba ajiandae.

Siku ile ile Anti Saroja akamsubiri Mama langoni. Akaonyesha upande wa hospitali, akaweka mikono kichwani kama mtu aliyebeba mtungi, akavua ndala zake, akapiga hatua tatu peku kuelekea upande wa Melrose, kwenye hekalu lao. Mama akaingia ndani akamwambia Baba, "Huyu mwanamke kamwekea Zuhura wetu nadhiri." Hakuhitaji mkalimani. Nadhiri Tanga zipo, tena za kumwaga.

Nikapona. Nilirudi nyumbani nimekonda kama kijiti cha mswaki, lakini nikarudi.

Sikukuu yao ilipokaribia, miguu ya Anti ikavimba kwa kisukari hata ndala hazimwingii. Mwanawe akapiga simu kumkataza asitoke. Tukamkuta ngazini analia. Alichoomba amepewa, naye hana miguu ya kwenda kushukuru, na kilichomtia hofu zaidi ni kwamba asipotimiza, ugonjwa ungenirudia mimi. Nilimtafsiria Mama maneno hayo mwenyewe. Mama akaenda kumtafuta Baba.

Baba alikuwa mtu wa swala tano, hana masihara na mambo ya dini. Alimaliza kwanza chai yake. Kisha akasema, "Kusindikiza si kuabudu. Na nadhiri haiachwi njiani. Nenda naye, na huyo aliyeombewa mchukue."

Sasa hekalu lenyewe, kama hamjafika, nendeni. Liko kando ya mto. Wazee tuliowakuta walitusimulia kwamba babu zao walianza na mbao na mabati, wakaliinua kidogo kidogo kila walipopata nafasi. Mnara wake umejaa sanamu za kila rangi, na tausi kati yao, mpaka nilisahau kufunga mdomo. Mahujaji walitoka Durban, walitoka Pretoria, wamevaa njano tupu, na wengine mabegani wamebeba matao ya mbao yaliyofunikwa maua, wanayaita kavadi. Kulikuwa na wanaume waliojitoboa mashavu kwa sindano za fedha, na damu haitoki. Wallahi haitoki! Ngoma zilinipiga tumboni, nikajificha nyuma ya buibui la Mama.

Maandamano yalianzia mtoni. Anti alibeba mtungi wa shaba wenye maziwa kichwani, Mama kamshika kiuno. Mama naye alikuwa peku. Alisema haiwezekani mtu mzima mwenye afya atembee na viatu kando ya mgonjwa asiye navyo. Basi buibui jeusi likapanda kilima taratibu katikati ya watu wa njano, na kila baada ya hatua kumi wanasimama Anti apumue. Hakuna aliyemwuliza Mama amefuata nini. Mwanamke mmoja alimpa maji, mwingine akampisha kivulini.

Tulipofika langoni ikanijia harufu. Karafuu maiti. Sisi kwetu harufu hiyo ina mahali pamoja tu, kwenye sanda. Mwaka ule ule niliinusa nyumbani kwa mjomba walipokuwa wakimkafini mkewe. Mama akasimama. Akanitazama mimi aliyenisomea Yasini juzi juzi tu, na mkono wake ukamwachia Anti. Anti akayumba, mtungi ukainama, maziwa yakamchirizika begani.

"Zuhura, muulize nani kafa," Mama akasema. "Kama kuna maiti humo, mimi mwanangu simwingizi."

Nikauliza kwa Kiingereza. Anti akanitazama, akamtazama Mama, akaelewa. Akaanza kucheka, na machozi yanamtoka, mkono mmoja umeng'ang'ania mtungi.

"Hakufa mtu," akasema. "Ndiyo maana tumekuja."

Nikatafsiri. Mama akaangua kilio, kile cha Kitanga hasa, cha kuita majirani, akamkumbatia Anti kiunoni na kumpandisha ngazi zilizobaki karibu kwa kumbeba. Yeye akabaki kizingitini. Tukiwa pale tuliona ile karafuu maiti ikiwaka kwenye sahani za shaba, moto mweupe, mbele ya mungu wao, na Anti akikabidhi maziwa yake yakamiminwa. Alipogeuka alitunyanyulia mtungi mtupu juu kabisa, kama nahodha aliyeshinda kombe. Sijapata kuona mtu aliyechoka vile akiwa mzuri vile.

Anti Saroja ametangulia, na Mama pia. Mwaka huu niliwapeleka wanangu hekaluni. Nawasimulia kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kizulu na Kiingereza. Mkubwa aliposikia habari ya kutembea peku akasema, "Haibo, Mama, si mngeita teksi?" Wakapiga picha za mnara, wakauliza chakula kiko wapi. Ni watoto wazuri, siwalaumu. Mnara ni ule ule, na mahujaji bado wanakaribisha wageni.

Siku hizi naishi Sandton, kwenye nyumba zenye uzio wa umeme na mlinzi anayeandika namba za magari. Mwezi uliopita mwanangu wa mwisho kuzaliwa alilazwa kwa kifua. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la majirani. Loh, vikono vya kuomba vikamiminika, vya njano, skrini nzima! Nilishukuru, jamani, sikatai. Lakini katika wote wale hakuna aliyejua mwanangu anaitwa nani. Na mimi, mkiniuliza majina ya watoto wao, sijui hata moja.