Mti wa Maziwa wa Kiamunyi

Nakumbuka Kiamunyi, hapa nje ya Nakuru, ikiwa bado shamba tupu. Tukitoka shule tunatupa mifuko mlangoni, tunapotelea kule kwenye mawe, nyuma ya boma la zamani la mzungu. Miti tuliijua kwa mikono na magoti. Mkaratusi tulijifukiza majani yake tukishikwa na homa, na mwiba wa mgunga ulitutolea mwiba mwingine.

Siku moja mimi na mdogo wangu Nyambura tukakuta mti ambao hatujawahi kuuona. Hauna jani hata moja! Matawi yote yamenyooka juu kama mikono ya akina mama kanisani. Nikaupiga jiwe, ukatoa maziwa meupe, mazito. Hebu fikiria furaha yetu. Kalongolongo yetu, ule mchezo wa kupikapika, ilikuwa na kila kitu, chapati za udongo, waru za mawe badala ya viazi, lakini chai ilikuwa ya rangi siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa mama, basi nikamtuma Nyambura akinge na mkebe.

"Kinga vizuri, usimwage!"

Nikapiga tena, kwa nguvu zaidi. Maziwa yakamrukia jicho la kushoto.

Alilia, weh! Mama akaja mbio kutoka kwa waru zake, jembe mkononi. Kule mawe alikuwa ametukataza, na mwiko wake wa ugali tuliujua mgongoni.

"Ni nini imemwingia?"

"Vumbi," nikasema.

Akampuliza, akampangusa na leso, akamlaza. Asubuhi jicho lilikuwa limefura kama ndimu. Hospitalini daktari aliuliza vilevile, nami nikarudia vumbi. Jicho hilo halikuona tena. Mama alikufa akiwa bado analaani vumbi la Nakuru.

Siku hizi kule mawe ni fleti kila mahali. Umebaki mti mmoja wa maziwa, nyuma ya choo cha mafundi wa mjengo. Juzi Nyambura alinitembelea, tukapita hapo na binti yangu. Hawa watoto wa sasa hata mpera hawaujui mpaka waulize simu! Binti akaupiga picha ule mti wetu.

"Mathe, simu inasema utomvu wa huu mti unaweza kupofusha mtu. Ati ukikuingia machoni, uoshe na maji mengi saa hiyo hiyo."

Kulipata jibu kulimchukua kufumba na kufumbua. Nyambura akageuza kichwa chote, maana upande ule haoni, akaniangalia.

"Nilijua kitambo kuwa ni yale maziwa," akasema polepole. "Ulisema vumbi, na mimi nikanyamaza. Sikutaka uchapwe."

Binti yangu alikuwa ameshatangulia, macho kwa simu.

Watu wa rika langu tukikutana tunapenda kujisifu kwamba enzi zetu watoto walipendana, walitunziana siri, si kama hawa wa leo. Ni kweli kabisa. Lakini mimi, heri siku ile ningechapwa.