Deo Alipoimba na Hakuna Aliyesikia

Kisa hiki sikusimuliwa na mtu. Kilinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka, akili zangu timamu na sijaonja tone la pombe. Ukicheka, cheka tu. Hata mimi ningeambiwa na mwingine, ningecheka.

Wakati ule vita vilikuwa vimeingia kila kona ya Bujumbura. Nilikuwa fundi wa redio Buyenzi, kijana, sina mke, na nilichokipenda kuliko chakula ni kundi moja la roki lililoitwa Radi Saba. Vijana wanne: wawili magitaa ya umeme, mmoja ngoma, na Deo, mwimbaji. Kaka yake Paskali ndiye aliyepiga gitaa la kwanza. Kanda yao niliisikiliza mpaka ikakatika, nikaiunga, ikakatika tena. Lakini kuwaona kwa macho yangu? Sijawahi. Kila walipotangaza kupiga, risasi zililia, watu wakabaki majumbani.

Basi mwaka huo likatangazwa tamasha kubwa la muziki kwenye uwanja wa shule moja, saa nane mchana, ili kila mtu awe kwake kabla ya kuvrefe, ile saa ambayo ukionekana barabarani huna wa kukutetea. Mimi nilikuwa Kigoma wiki mbili nzima nikitafuta vipuri. Nikaomba Mungu boti isichelewe. Ikachelewa. Nilishuka bandarini siku ileile ya tamasha, nikaenda mbio na mfuko begani. Rafiki yangu Amissi alikuwa amenishikia nafasi mbele kabisa, chini ya jukwaa. Nilipofika, Radi Saba walikuwa wameshaanza.

Na Deo alikuwa pale. Niamini. Shati jeupe lenye tope kifuani, hana viatu. Nikasema moyoni, wanamuziki na mitindo yao! Alipofungua mdomo, vinyweleo vya mikono vilinisimama. Sauti ile ya kwenye kanda ilikuwa kivuli tu cha sauti hii. Nikaimba naye. Niliruka, nikapiga makofi, nikapiga kelele kama mtoto aliyeona mvua ya kwanza.

Amissi akanivuta mkono. "We! Una nini? Watu wanakuangalia."

Nikageuka. Uwanja mzima ulikuwa kimya. Wasichana walikuwa wanalia. Mama mmoja alinitazama kama unavyomtazama mtu anayecheza ngoma msibani.

"Mbona hawaimbi?" nikamuuliza.

"Waimbe na nani? Deo amepotea, leo siku ya nane. Alienda Carama kuona mutu, hakurudi. Hawa wanapiga kwa kumukumbuka tu, mikro yake ya kuimbia wameiacha bila mutu. Mi nilizani walikuambia kule bandarini."

"Si yule pale anaimba?"

Amissi akaangalia nilikoonyesha, kisha akaniangalia mimi. "Apana, ndugu yangu. Apana. Hakuna mutu pale."

Hapo Deo akanyamaza katikati ya wimbo. Alikuwa ananitazama. Akashuka jukwaani, akaja moja kwa moja kwangu katikati ya watu, na hakuna aliyempisha, wala hakuna aliyemgusa. Nilitaka kukimbia, miguu ikakataa. Nilitaka kusoma hata aya moja niliyofundishwa madrasa, ulimi ukakataa. Umewahi kuwa mzima halafu mwili wako wote ukawa wa mtu mwingine?

Akainama kwenye sikio langu la kulia. Alinukia udongo mbichi.

"We unaniona," akasema. "Niko Carama, nyuma ya tanuri ya matofali, chini ya mihogo. Ambia mama nimekufa. Aache kunipikia."

Nilipopepesa macho, hayupo. Magitaa yalibaki yakilia peke yao.

Muziki ulipokwisha nikamfuata Paskali nyuma ya jukwaa. Nilianza tu, "Kaka, Deo yuko Carama, nyuma ya..." Akanikamata ukosi wa shati.

"Nani amekuambia? Ulikuwa pale? Sema, ulikuwa na hao watu?"

Wanajeshi wawili waliokuwa wakilinda lango wakageuka. Wewe ambaye hukuishi Bujumbura miaka ile huenda huelewi. Kujua maiti imelala wapi kulikuwa sawa na kukiri kwamba wewe ndiye uliyeilaza. Vijana walichukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

"Niliota, kaka," nikasema. "Ni ndoto tu."

Akaniachia. Akakaa juu ya sanduku la spika, akalia, nami nikaondoka.

Kesho yake nikaenda Mutanga Sud, kwa mama yao. Niliapa njia nzima kwamba yeye nitamwambia neno kwa neno. Alinifungulia kabla sijabisha. Mezani kulikuwa na sahani imefunikwa, na harufu ya maharage ya moto.

"Uko rafiki wa Deo?" akaniuliza. "Umemuona mutoto wangu?"

Nikatazama macho yale. Nikasema, "Nimemsikia akiimba, mama."

Laiti ningekatwa ulimi! Mama yule alipiga magoti palepale mlangoni, akainua mikono. "Yuko muzima! Mungu wangu, mutoto wangu yuko muzima!" Akawaita majirani. Akanikumbatia, akanilazimisha nile ile sahani. Nami nikala. Nilikula chakula cha maiti, mama yake akinitazama kwa furaha, na sikuweza kulirudisha neno langu. Ningelirudishaje?

Alipika kila siku mpaka alipokufa, miaka minne baadaye. Paskali alikuwa ameshavuka ziwa, hakurudi tena.

Vita vilipokwisha nilikwenda Carama. Tanuri halipo, wenyeji walinionyesha tu lilipokuwa. Palipokuwa na mihogo kuna nyumba za watu, na nyuma ya nyumba moja kuna jiko, na msichana alikuwa anamenya viazi hapo. Nilisimama. Ningemwambia nini? Avunje jiko lao kwa sababu ya maneno ya mzimu? Akaniuliza natafuta nani, nikasema nimepotea njia.

Sikio langu la kulia halisikii tangu siku ile ya tamasha. Daktari alichungulia, akasema ni zima kabisa, halina dosari.

Basi nisikilize. Marehemu akikupa ujumbe, usiutie sukari. Upeleke kama ulivyopewa, siku hiyohiyo, hata kama utamuua kwa uchungu yule unayempelekea. Mimi nilimhurumia mama wa watu, na huruma yangu ikamfunga jikoni miaka minne.