Theresia, Aliyemwozesha Inspekta Radi

Jamani, tangu juzi nashika simu nataka kumpigia Theresia nimwambie kwamba Theresia amefariki. Akili inagoma kabisa.

Wengi humu mnamjua kama Mama Gwandu, yule bibi wa kwaya wa Karatu mwenye sauti ya kuswagia ng'ombe. Mimi nimemjua tangu mwanzoni mwa miaka ya themanini. Tulikuwa wasichana, tunafanya kazi kwenye lodge moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Yeye housekeeping, mimi reception.

Ngojeni niwasimulie alivyopata mume. Nikilia tu bila kuwasimulia atanifokea huko aliko.

Ugonjwa wetu wakati ule ulikuwa vitabu vya Inspekta Radi, mpelelezi wa Dar aliyekamata majambazi kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umemshika mchumba wake, Stela. Kila toleo tulipata nakala moja tu, kwa lori lililokuwa likirudi kutoka kupeleka vitunguu vya Mang'ola Arusha. Kitabu kilifika kinanuka vitunguu, na kila aliyelia sura ya mwisho alisingizia harufu.

Desturi yetu ilikuwa hii: ukimaliza kusoma unaandika maoni yako kwa penseli kurasa za nyuma, na jina lako, ndipo unampa mwenzako.

Saitoti, mlinzi wetu, Mmasai wa kijiji cha Arash, aliwahi kuandika: "Inspekta ameacha mwizi akimbie kwa sababu anabusu. Mimi huyu simpi hata ndama achunge."

Mpishi akaandika chini yake: "Kitabu kizima hakuna mtu aliyekula."

Theresia aliandika kitu kilekile kila toleo: "Ataoa lini?"

Wala hakuwa anamuuliza Inspekta! Alikuwa anamuuliza Boay, dereva wa Land Rover, ambaye zamu yake ya kusoma ilifuata. Miaka mitatu walikuwa wachumba. Kila Theresia akigusia ndoa, Boay alijibu, "Hata Radi anasubiri. Mwanaume mwenye kazi ya hatari haoi haraka."

Hatari yenyewe ilikuwa tope la njia ya kushukia kreta.

Likaja toleo la tisa. Theresia alilisoma siku yake ya off, akaja reception macho mekundu. Radi alikuwa amemwacha tena Stela uwanja wa ndege, kaenda kufukuza wauza magendo ya almasi!

"Anna, weka karatasi kwenye mashine," akaniambia.

"Ya nini?"

"Wewe piga ninavyokutajia. Leo huyu mtu anaoa."

Wageni wote walikuwa chini kwenye kreta. Nikapiga chapa, yeye amesimama na mashuka begani anatunga. Kisha akazichana kurasa za mwisho za kitabu, akashonea zetu kwa uzi wa vifungo. Vitabu vyetu vyote vilikuwa na viraka, nani angeuliza?

Tatizo ni kwamba Theresia Dar hakuwahi kufika. Kwa hiyo Inspekta Radi akapanda mpaka Mbulu, kwao Theresia, kwenye ukungu, amejitanda blanketi, amebeba pombe ya asali kwa wazee. Baba yake Stela, ambaye matoleo manane yote alikuwa karani wa bandari, ghafla ana zizi la ng'ombe na anamhoji mposaji ukoo wake wote.

Hakuna msomaji aliyeshtuka! Saitoti aliandika: "Sasa mwandishi amekomaa." Mpishi: "Hatimaye watu wamekula makande."

Boay alikaa na kitabu siku mbili. Halafu akaandika: "Kumbe inawezekana." Jumapili iliyofuata wazee wake walikuwa kwa akina Theresia.

Toleo la kumi likafika tukiwa tumeshaanza kushona sare za harusi. Na aliyekwenda kulipokea kwenye lori ni Boay mwenyewe. Alikuja moja kwa moja chumba cha kufulia, buti zimejaa tope, kitabu mkononi. Mimi na Theresia tulikuwa tunakunja shuka. Nikajificha nyuma ya shuka.

"Theresia, Radi hajaoa."

"Eti?"

"Ile harusi umeiandika wewe."

"Niliiandika mimi. Anna ndiye aliyepiga chapa." Asante sana kwa kunitaja, rafiki.

"Kwa nini hukuniambia mimi mwenyewe?"

"Nimekuambia miaka mitatu, Boay! Ulikuwa unamsikiliza mtu wa kwenye karatasi, nikaona nami nipite hukohuko. Kanisani wametutangaza mara mbili. Bado tangazo la tatu. Kama unarudi nyuma, sema sasa, usinisubirishe tena."

Mzaha wote ulikuwa umekwisha.

Boay akaketi juu ya kapu la mashuka safi, na tope lake. Akachomoa penseli, akaandika, akanipa nisome kwa sauti: "Toleo la kumi ni la uongo. Huyu ameoa, sote tumesoma."

Theresia alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akamchapa kwa foronya, maana yale mashuka ilibidi ayafue upya. Jumapili tangazo la tatu likasomwa.

Wameishi pamoja zaidi ya miaka arobaini, wakibishana kila siku, na sijawahi kuona watu wanaopendana vile.

Jana tumemzika. Watu walipotawanyika Boay alibaki pale, kofia mkononi, akaniuliza, "Shemeji, sasa mimi nifanyeje?"

Maisha yake yote wewe ndiye uliyekuwa unamjibu swali hilo, Theresia.

Nimekaa naye hapa barazani tangu asubuhi. Amekunywa uji nusu kikombe. Leo sina habari nyingine ya kukupa, mama. Usingizi mwema.