Pini Kwenye Faksi

Mwanangu, kwa vile umepata kazi ya saiba, duka la intaneti na kopi, pale mtaa wa Olympic, kaa kwanza nikwambie. Nakumbuka siku moja, nikiwa msichana kama wewe, nilipotaka kumzidi Akinyi.

Tulikuwa wawili kwenye duka la taipu na faksi, Kawangware. Mteja alikuwa akiingia, ananipita mimi nimekaa bure, halafu anauliza, "Akinyi yuko?" Wivu ulinichoma kama mwiba wa samaki. Hata kicheko chake kilinikera! Mashine ilikuwa moja, mshahara mmoja, kwa nini yeye?

Wazee walisema kizuri chajiuza. Unajua watu wetu huweka vyeti chini ya godoro, vimekunjwa mara nne ndani ya juala la plastiki. Akinyi alivikunjua polepole, akavikandamiza kwa chupa ya chai moto mpaka vikanyooka, akang'oa pini zote za stepla, kisha akatoa kopi. Kopi ndiyo iliyoingia kwenye faksi, cheti chenyewe kikarudi kwa mwenyewe. Mimi niliona ni maringo tu.

Siku hiyo Akinyi alikuwa ametoka kununua mandazi. Akaingia Mama Nekesa, muuza mboga wa mtaa wa Satellite. Binti yake alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi, na cheti cha kuzaliwa kilitakiwa kifike kabla ya ofisi kufungwa, la sivyo nafasi ingepewa mwingine.

"Akinyi yuko?"

"Hata mimi najua hii kazi, Mama. Leta."

Nilitaka Akinyi arudi akute nimemaliza. Haraka haraka haina baraka, mwanangu. Kopi sikutoa, pini sikutafuta. Faksi ikavuta cheti, ikakwama, ikaanza kulia. Nami kwa kiherehere nikakivuta, kikatoka vipande viwili.

Mama Nekesa alivitazama vile vipande. "We msichana, hiyo ni maisha ya mtoto wangu umerarua. Kwani ulikuwa unashindana na nani hapa?"

Jibu lilikuwa linaingia mlangoni na mandazi.

Akinyi aliweka mandazi mezani. Alifungua mashine, akatoa pini, akaunga cheti kwa selotepu, akatoa kopi. Kisha akasogea kando. "Piga namba wewe, Mama akuone ukimtumia." Faksi ikaenda, na ofisi ilikuwa bado wazi. Na unajua? Hata huo wema wake niliuonea wivu.

Sikudanganyi kwamba wivu huisha. Wangu bado huamka nikimsikia Akinyi akisifiwa kanisani. Lakini usiuingize kwenye karatasi ya mtu, kwa sababu hujui ameitunza miaka mingapi. Ikunjue, ng'oa pini, toa kopi kwanza. Na mwenzako akikushinda, muulize anafanyaje. Mimi nilichelewa sana kuuliza.

Haya, nenda kazini. Mungu akupe mikono mipole, na siku moja mtu aingie pale mlangoni aulize kama wewe uko.