Zefania, Mashine ya Umeme na Mama Mkwe

Mume wangu Zefania alikuwa na kazi moja tu, na kwa kazi hiyo karibu anitie wazimu. Wakati wa Mwingereza, hospitali yetu ndogo ya misheni, huku njia ya Ulemo, ilitumia umeme wa betri. Lakini mtambo wa kupiga picha za mifupa haukuutaka umeme huo mpaka upite kwenye mashine ya kuugeuza. Zefania alishika kigurudumu cha mashine hiyo, macho kwenye mshale wa kipimo cha umeme. Picha ikianza kupigwa mashine hulemewa, mshale hushuka. Asipoongeza nguvu papo hapo, picha inaharibika.

Basi mama yangu, Anastasia, akaanguka shambani akivuna mtama, nyonga ikavimba. Daktari akasema bila picha itabidi apakiwe kwenye lori mpaka Dodoma. Barabara ile, na mvua zile! Nilijua atanifia njiani.

Na Zefania? Kagoma kuingia. Mashine iko chumba kimoja na kitanda, na kwetu mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe, sembuse akiwa kafunuliwa paja.

"Baba Klara, mama anakufa!"

"Mama Klara, usinitafutie laana."

Nesi Febronia akajaribu kigurudumu mwenyewe. Mshale ukaanguka, picha ikatoka haina hata mfupa. Betri zikabaki na nguvu ya picha moja tu, na lori lililoleta petroli ya injini ya kuzichaji lilikuwa limekwama mtoni. Nilitamani kumpiga mtu.

Mama akasema kutoka kitandani, "Dorika, mwambie huyo aliye nje nimejifunika uso. Leo sina mkwe, nina maumivu. Aingie kinyumenyume."

Akaingia kinyumenyume kweli, koti kichwani kama mrina asali, akiacha upenyo wa kuona mshale tu. Daktari akasema, "Sasa!" Mshale ukatetemeka, Zefania akazungusha, ukatulia.

Mfupa ulikuwa na ufa mdogo. Kitanda tu, hakuna lori. Nilitoka mbio na picha ile, nalia kwa furaha, nikaiinua juani. "Tazama kazi yako!"

Akaziba macho kwa mikono miwili. "Toa hapa! Huo ni mguu wa mkwe!"

Mama alitembea tena. Na kila alipokuja kwetu kwa miguu yake mwenyewe, Zefania alitorokea mlango wa uani.