Mama-mukwe amenisafishia poussoirs na savuni

Bandugu, leo kidogo nilie mbele ya mama-mukwe wangu.

Gari yangu njo inatukulishaka: ninabebaka samaki ya Kasenga mpaka ku soko. Imetembea sana, moteur ikaanza kugonga ta-ta-ta.

Nikapata poussoirs mupya, bile bichuma bya kusukuma soupapes, bile binafungua na kufunga njia ya hewa mu moteur. Jana nikabilowesha mu mafuta, juu bikiingia bikavu binaharibika.

Asubui nakuta biko kwa jua, juu ya kitambaa, binangaa kama bijiko bya ndoa!

Mama-mukwe, mwenye alikimbia vita ya Kivu na kikapo kimoja, ananiambia:
— Mutoto yangu, bilijaa mafuta. Nimekusafishia na savuni.

Sasa mama-mukwe, unamupigia kelele?

Macho chini: "Aksanti, mama."

Nikabirudisha mu mafuta, nikabifinya kimoja kimoja mpaka hewa yote ikatoka. Sikukula.

Nikabifunga mu moteur, saa kumi nikawasha. Hakuna ta-ta-ta!

Mama-mukwe akaita majirani, anacheka:
— Munasikia? Ilikuwa buchafu tu!

Nikajibu: "Njo vile, mama."

Tangu alifika kwetu, sikumuonaka akicheka kabla ya leo.

Mwenye anataka kumuambia ukweli, apite kwanza kwangu.